Kuchora Nyumba kwa Kompyuta Mpanda: Kinachofundishwa na Kinachoachwa

Sensa ya Agosti 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi ukiwa na miezi michache tu tangu umegwe kutoka Rukwa. Ulikuwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo: asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ni asilimia 3.2. Watu wote hao wanahitaji pa kulala, na ndiyo maana ukizunguka Mpanda mjini, kuanzia Makanyagio hadi Kawajense na Ilembo, hukosi tanuru la matofali, lundo la mchanga na boma linalosubiri kupauliwa.

Nyumba moja kati ya hizo ikijengwa vibaya, familia itaishi na kosa hilo miaka 40. Kwa hiyo swali la nani anachora nyumba za Mpanda, na amejifunzia wapi, si la wataalamu peke yao.

Kwa muda mrefu fundi alijenga kwa ramani iliyomo kichwani. Mwenye nyumba anataja vyumba anavyotaka, fundi anapiga hatua kiwanjani, anachomeka mambo, anavuta kamba na kupata pembe mraba kwa tatu, nne, tano. “Mama, hiki cha wazazi tukitoe kumi na mbili kwa kumi na nne, cha watoto kumi kwa kumi.” Futi, bila shaka. Siku inaisha msingi umeshaanza kuchimbwa. Utaratibu huo umejenga nusu ya nchi, na mafundi wazuri wa aina hiyo bado wapo.

Lakini mji umebadilika. Viwanja vinapimwa, na mwenye kiwanja kilichopimwa anatakiwa kupeleka michoro Manispaa ili apewe kibali cha ujenzi. Siku hizi hata maombi hupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na mfumo hauwezi kupokea ramani iliyo kichwani mwa fundi. Hapo ndipo anapoingia kijana mwenye kompyuta mpakato. Anachora kwa AutoCAD au ArchiCAD, anatoa picha ya nyumba yenye ukuta mweupe na paa jekundu, na mteja anafurahi. Vijana wengi wanaitaka kazi hii, na ni kazi halali na nzuri. Hoja yangu ni kwamba tunawafundisha vibaya. Tunawafundisha vitufe, tunaacha nyumba.

*

Tuanze na vifaa vyenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anapotumia fedha yake kwanza, na mara nyingi anapopotezea.

Wazo la kuchora kwenye kioo cha kompyuta lilionyeshwa na Ivan Sutherland katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963. AutoCAD ilitoka 1982 na kuufanya uchoraji huo uwezekane kwenye kompyuta ya mezani. Muda si mrefu Wahungaria wa kampuni ya Graphisoft wakaja na ArchiCAD, ambayo tangu mwanzo ilijali jengo kuliko mistari: unachora ukuta, na programu inajua kuwa huo ni ukuta, una unene na una kimo. Revit ilifuata njia hiyo mwaka 2000, na miaka miwili baadaye ikanunuliwa na Autodesk, wenye AutoCAD. SketchUp nayo ilianza mwaka huo huo wa 2000, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayetaka kuliona umbo la nyumba haraka.

Sasa gharama. Tangu 2016 Autodesk waliacha kuuza programu zao nyingi kwa mkupuo mmoja. Unalipia matumizi kila mwaka. Kwa bei ya Marekani, AutoCAD ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Mchoraji wa Mpanda anayeuza ramani ya nyumba ya vyumba vitatu hawezi kubeba gharama hiyo. Mwanafunzi aliyesajiliwa chuoni hupewa bure, mwaka baada ya mwaka, alimradi athibitishe kuwa bado anasoma. Wengine wengi wanaishia kwenye nakala za kukraki zinazozunguka kwenye flashi.

Sitaki kulipita jambo hili kimya kimya kama tulivyozoea. Nakala ya kukraki ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Pia ndiyo njia kuu ya virusi kuingia kwenye kompyuta iliyobeba kazi za wateja wako wote, na kijana anayejenga jina lake juu ya kitu cha wizi hawezi kusimama mbele ya mteja mkubwa akaulizwa leseni yake. Njia halali zipo. LibreCAD na toleo la bure la QCAD vinachora ramani bapa vizuri na havihitaji kompyuta yenye nguvu. FreeCAD, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2024, inajenga umbo zima la nyumba. SketchUp Make ya 2017 ndiyo ya mwisho kutolewa bure kwa kufanya kazi bila intaneti. Toleo la bure la sasa linataka bando muda wote, na yote mawili ni ya kujifunzia, si ya kazi za kulipwa. Udhaifu mkubwa wa programu hizi ni mmoja na lazima usemwe: ofisi za wahandisi na wabunifu hupeana mafaili ya DWG, lugha ya AutoCAD, na programu za bure huyasoma kwa shida au kwa kupitia kigeuzi. Anayelenga kuajiriwa kwenye kampuni ya ushauri Dodoma au Dar es Salaam hana budi kuijua AutoCAD, na baadaye Revit. Anayelenga kuchorea watu wa Nsemulwa na Misunkumilo nyumba za kawaida anaweza kuanza na LibreCAD leo hii, kwenye kompyuta ya mtumba, bila deni na bila kosa.

Suala la umeme nalo lina historia yake hapa. Katavi iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora. Waliojifunza enzi za jenereta walipata tabia moja nzuri, ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na tabia hiyo isipotee kwa sababu umeme sasa umetulia. AutoCAD huweka kando ya faili lako nakala ya kazi ya awali yenye herufi BAK. Ibadilishe jina iwe DWG na kazi iliyoharibika inarudi. Wanafunzi wengi hawaambiwi hilo hadi wapoteze kazi ya wiki nzima.

*

Hayo ni ya kifaa. Sasa tuje kwenye nyumba, na nitaichukua nyumba moja ya kawaida nionyeshe kosa linavyoingia.

Mwanafunzi anafungua AutoCAD. Kosa la kwanza linaweza kutokea hata kabla hajachora: programu ina karatasi tupu za kuanzia za aina mbili, moja ya inchi na nyingine ya milimita. Akichukua ya inchi bila kujua, kila kitu atakachokichora kitakuwa na vipimo visivyolingana na alama za milango na vitanda atakazoziingiza baadaye. Tuseme amechukua ya milimita, sawa.

Mteja ametaka chumba cha kumi kwa kumi. Futi 10 ni milimita 3,048, na mwanafunzi, kama wenzake, anafanya 3,000. Anachora mistari ya katikati ya kuta, kutoka mstari hadi mstari 3,000, kisha anaupa kila ukuta unene wa milimita 150, yaani tofali la inchi sita. Kwenye kioo chumba kinasomeka mita 3. Ndani ya kuta chumba kina 2,850. Ongeza lipu ya milimita 15 kila upande, kinabaki 2,820. Weka kitanda cha sita kwa sita, ambacho kinakula 1,830. Zimebaki milimita 990. Weka kabati la nguo lenye kina cha 600 mkabala na kitanda. Njia ya kupita ni milimita 390, na milango ya kabati haifunguki.

Hiyo ni kwa tofali la saruji. Mpanda hujenga sana kwa tofali la kuchoma, na ukuta wake ukilazwa upana unaweza kufika milimita 200 hadi 230. Kwa ukuta wa 230, chumba kile kile kinabaki na 2,740. Tena tofali la kuchoma halina kipimo kimoja. Kila mfyatuaji ana kibao chake. Mchoraji ambaye hajawahi kushika futikamba akapima tofali la tanuru litakalojenga nyumba anayoichora anabahatisha, hata kama anajua amri zote za AutoCAD kwa moyo. Programu haikumwongopea. Ilimpa 3,000 kama alivyoomba, kutoka katikati hadi katikati. Mwalimu wake ndiye hakumwambia kuwa mtu haishi katikati ya ukuta.

Kosa la pili ninalolipigia kelele ni la karatasi. Ramani ikikamilika hupelekwa steshenari kuchapwa. Nyumba ya mita 12 kwa 9, ikichorwa kwa kipimo cha 1:50, inachukua milimita 240 kwa 180 na inakaa vizuri kwenye karatasi ya A3. Lakini steshenari nyingi zina printa ya A4 tu. Mhudumu anaona ukurasa wa A3 ni mkubwa kuliko karatasi yake, anaiambia kompyuta iubane uenee, anabonyeza, na mchoro unatoka unapendeza. Kipimo sasa kimekuwa kama 1:71, ilhali pembeni bado imeandikwa 1:50. Fundi akiweka rula kwenye ukuta wa mita 3 atasoma mita 2 na sentimita 12. Ndiyo maana ramani yoyote inayokwenda saiti lazima iwe na vipimo vilivyoandikwa kwa tarakimu kwenye kila chumba, kila dirisha na kila nafasi kati yake, pamoja na mstari wa kipimo uliochorwa, ambao hupungua na kuongezeka pamoja na karatasi. Somo hili linachukua nusu saa, na lingeokoa kuta nyingi zisibomolewe. Sijaona sababu ya kozi yoyote ya uchoraji kuliacha.

*

Paa ndilo linalotafuna fedha za watu wa Mpanda kuliko sehemu nyingine ya nyumba, na ndipo kompyuta inapoweza kumsaidia mwananchi au kumfilisi.

Mtindo wa sasa ni paa refu lenye kona nyingi, bati za msauzi, vijumba juu ya madirisha ya mbele. Kwenye SketchUp paa la namna hiyo linachorwa kwa dakika kumi, na likipakwa rangi mteja hatoki tena. Sasa tupige hesabu ndogo. Nyumba ina upana wa mita 9, na bati linatoka nje ya ukuta sentimita 60. Mwinamo ukiwa nyuzi 15, kilele cha paa kinapanda mita 1.37 na bati la upande mmoja lina urefu wa mita 5.28. Mwinamo ukiwa nyuzi 30, kilele kinapanda mita 2.94 na bati linakuwa mita 5.89. Kwa nyumba ya urefu wa mita 12, yenye bati linalotoka sentimita 60 kila ncha, hiyo ni nyongeza ya kama mita za mraba 16 za bati, pamoja na mbao za kenchi zilizoongezeka zaidi ya mara mbili kwa kimo. Na kila mahali paa mbili zinapokutana na kutengeneza mfereji, hapo ndipo maji ya Januari yataingilia. Mvua za Katavi huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi sita ni mingi kwa paa linalovuja.

Mchoraji aliyefundishwa vizuri anaweza kumwonyesha mteja paa hizo mbili kwenye kioo, pembeni akaweka orodha ya bati na mbao za kila moja, na mteja akachagua akijua anachokilipia. Kazi hiyo ArchiCAD, Revit na FreeCAD zinaiweza, kwa kuwa zinahesabu eneo na urefu zenyewe. Nguvu kubwa ya programu hizi ipo hapo. Ajabu ni kwamba wanafunzi wetu wengi huzitumia kwa kitu kimoja tu, picha inayong’aa.

Nchi yetu ina mfano wa paa lililobuniwa na mtu aliyeifikiria mvua. Soko la Kariakoo, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kusomea ubunifu majengo. Paa lake la zege lina umbo la miavuli iliyogeuzwa juu chini, inayokusanya maji ya mvua na kuyateremsha kwenda kuhifadhiwa chini. AutoCAD ilikuwa haijazaliwa. Amuli alichora kwa mkono, na alijua maji yanakokwenda.

*

Jua nalo lina ramani yake, na la Mpanda si la Ulaya. Mji uko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, kimo cha kama nyuzi 60. Desemba linakuwa upande wa kusini, kama nyuzi 73. Maana yake, bati lililotoka sentimita 60 linatia kivuli ukuta wa kaskazini kwa kama mita moja mwezi Juni, na ukuta wa kusini kwa karibu mita mbili mwezi Desemba. Kuta hizo mbili zinajilinda kwa gharama ndogo. Ukuta wa magharibi haulindiki na paa. Jioni ya mwezi Septemba au Oktoba, wakati joto la Katavi limefika juu, jua linaingia kwa ubavu hadi ukuta wa pili wa chumba.

Kwa hiyo nyumba ya Mpanda inafaa ilale mashariki–magharibi kwa urefu wake, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi wawekwe stoo, choo au miti. Vyumba vya kulala vya watoto visiwekwe huko. SketchUp, Revit na ArchiCAD zote zinaruhusu uandike mahali nyumba ilipo duniani kisha uzungushe saa na mwezi uone kivuli kinavyotembea. Lakini mwanafunzi asipoandika Mpanda, programu itabaki na mji wowote ilioanza nao, na kivuli atakachokiona ni cha watu wengine. Ramani zinazopakuliwa mtandaoni, zile zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi zilichorwa kwa kiwanja kingine, jua lingine na barabara inayopita upande mwingine. Mtu anaigeuza ili sebule itazame barabara, na vyumba vinageukia jua la jioni.

Naungana na wanaosema kuwa kiwanja ndicho kinachoamuru, kwamba mwenye mita 20 kwa 25 hana uhuru wa kuzungusha nyumba apendavyo. Ni kweli. Hata hivyo anao uhuru wa kupanga vyumba ndani yake, na hapo ndipo mchoraji anapolipwa.

*

Kuna jambo ambalo programu ya kuchora haitamwambia mtu kamwe: kama nyumba itasimama. Unaweza kuchora msingi wa sentimita 30 kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi kama wa mashamba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese, na AutoCAD itauchora kwa unyoofu kabisa. Unaweza kusahau lenta. Unaweza kuweka ghorofa juu ya ukuta wa tofali moja. Hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Tena ukanda huu una historia yake ardhini. Tuko kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 ukanda wa Rukwa ulipigwa na tetemeko linalokadiriwa kuwa la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Bukoba mwaka 2016 lilitosha la 5.9 kuangusha nyumba na kuua watu. Lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, yenye nondo zilizofungwa vizuri kwenye kona, ndiyo inayozishika kuta za tofali zisiachane. Mchoraji wa Katavi aione lenta kuwa ni deni kwa mteja, aichore kwa ukubwa wa kutosha hadi fundi aone nondo ngapi na zinapindwaje, na kwa jengo la ghorofa asithubutu kuendelea bila mhandisi aliyesajiliwa.

Sheria nayo iko wazi. Tangu 1997, na kwa sheria mpya ya 2010, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, ndiyo inayosimamia fani hii. Kujua Revit hakumfanyi mtu kuwa mbunifu majengo, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo. Baadhi ya vijana wanaliona hilo kuwa ni ukuta wa kuwafungia nje. Mimi naliona kuwa ni ngazi. Mchoraji anaweza kufanya kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa, akajifunza kwake na kuheshimika, huku mteja akijua ni nani atakayewajibika siku jengo likipata ufa.

*

Wajifunzie wapi basi? Ardhi, chuo kilichoanza 1956 kama shule ya upimaji na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kiko Mbeya. Shule kongwe za ufundi zilizokuwa zikifundisha uchoraji wa kihandisi tangu kidato cha kwanza, kama Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma na Iyunga, zote ziko mbali na Katavi. Kijana wa Inyonga au Karema anayependa kuchora amekuwa akitegemea YouTube na rafiki aliyesoma mjini.

YouTube si mwalimu mbaya. Masomo ya Kiswahili yapo na yanaongezeka, na aliyejaliwa subira anaweza kujua amri za msingi kwa muda mfupi. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama nyuma ya bega lake amuulize: mlango huu ukifunguka utagonga nini? Maji ya choo hiki yanakwenda wapi, na chemba iko umbali gani kutoka kisima cha jirani? Huyu mzee mwenye fimbo atapandaje ngazi hizi tatu?

Watu wa kuuliza maswali hayo wapo Mpanda. Kuna chuo cha VETA mjini, na kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya upande wa Nsimbo. Vyuo vya namna hii hufundisha uashi, useremala na umeme. Ndani ya uzio mmoja una mwashi anayejua tofali, seremala anayejua kenchi na fundi umeme anayejua waya unapita wapi. Ingekuwa mimi, ningeuanzia uchoraji hapo hapo: asubuhi mwanafunzi apime jengo la chuo chenyewe kwa futikamba na kulichora kwa penseli kwenye karatasi, mchana alihamishie kwenye kompyuta, kesho yake mwashi na seremala waikague ramani yake na kumwonyesha kisichojengeka. Kompyuta isiguswe kabla futikamba haijaguswa. Mtaala mpya wenye mkondo wa amali, ulioanza kutumika 2024, unatoa nafasi ya kufanya vivyo hivyo sekondari, ikiwa walimu watapatikana na ikiwa somo halitageuka kuwa la kukariri majina ya vitufe.

Wapo wanaoniambia kuwa haya yote ni ya bure, kwa kuwa ramani za mfano zinatosha: Serikali hujenga madarasa na zahanati kwa michoro ya TAMISEMI, na mafundi wa kawaida wanayasimamisha majengo hayo kila wilaya. Mwaka 2021 na 2022 madarasa 15,000 yalijengwa nchini kwa fedha za UVIKO-19 kwa njia hiyo. Ni hoja nzito, na inanivutia zaidi kuliko wanavyodhani. Mchoro mmoja mzuri uliofikiriwa na wataalamu ni bora kuliko michoro elfu moja ya kubahatisha. Lakini darasa ni chumba kimoja cha mstatili, na familia hazifanani. Shirika la Nyumba lilipojenga nyumba za gharama nafuu Ilembo lilikuwa na mchoro wake. Kinyume chake, mwananchi anayejenga kidogo kidogo, vyumba viwili mwaka huu na sebule mwaka kesho akishauza mpunga, anahitaji mchoro unaokubali kukua kwa hatua bila kubomoa. Mchoro huo sijauona kwenye kundi lolote la WhatsApp. Kuuchora ndiyo kazi inayomsubiri kijana wa Mpanda, kwa kuwa anaijua familia hiyo.

Kwa hiyo ombi langu naliweka mezani kwa Manispaa ya Mpanda na halmashauri za Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Mwiteni mbunifu na mhandisi waliosajiliwa, wachore nyumba tatu au nne za mfano kwa tofali la kuchoma, kwa udongo na jua la huku, zinazojengeka kwa awamu, zikiwa na lenta iliyochorwa wazi na orodha ya vifaa. Kisha wekeni mafaili yenyewe, ya DWG na ya kufunguka kwa programu za bure, mahali ambapo mwananchi yeyote na mwanafunzi yeyote atayachukua bila malipo. Nawe kijana unayetaka kuanza, usingojee halmashauri. Azima futikamba, pima nyumba unayolala, ukuta kwa ukuta, na uichore ilivyo kabla hujachora ya mtu mwingine.